Ni Bawasiri Tu

12 Januari

Wifi yangu mpendwa,

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuambia tumehamia chumba cha mbele, ukanipa pole ya msiba. Masikio yako siku hizi yanasikia yanayoyataka. Kwa hiyo nakaa hapa kwenye meza ya kushonea, nimesogeza mapazia ya watu pembeni, nakuandikia.

Mdogo wako Kapteni amepasuliwa. Yale maumivu ya tumbo tuliyodhani ni gesi hayakuwa gesi. Jumatatu iliyopita alianza kupanda ngazi ya kreni kama kawaida, akafika katikati akashindwa kupanda na akashindwa kushuka, wenzake wakamteremsha kwa kamba kama mzigo. Hospitali wakakuta utumbo umeziba. Wamekata kipande cha utumbo mpana, na kwenye kile kipande, wifi, kuna saratani. Sasa ana mfuko ubavuni unaopokea choo. Anauita "abiria". Anasema abiria huyu hashuki kituo chochote. Watu wodini wanacheka, mimi natoka nje.

Muuguzi alinipa karatasi ya maelezo nisome nikiwa nasubiri. Ingekuwa heri anipe sumu. Imeandikwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu: nyama nyekundu kwa wingi, nyama za viwandani kama soseji, sigara, pombe, unene, kukaa kutwa bila kutembea, kutokula mboga na matunda na nafaka zisizokobolewa. Nilihisi kama aliyeiandika alikuwa anachungulia dirishani kwangu. Miaka kumi na mitano nimemfungashia mume wangu chakula cha kula kwa mkono mmoja, maana wa pili uko kwenye mtambo: soseji nne za kukaanga na mkate mweupe. Mboga zilikuwa zinavuja kwenye kopo na kumchafulia kiti, nikaacha kuweka. Yeye kutwa amekaa kule juu. Jumapili nayo ni nyama ya kuchoma mpaka iwe nyeusi, kwa sababu ndivyo anavyopenda na mimi nilipenda kuona anapenda.

Mimi ndiye niliyemlisha, wifi. Mikono hii.

Daktari alimuuliza kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyewahi kuugua hivi. Kapteni akasema hakuna, baba yenu Mzee alikufa kwa vidonda vya tumbo. Ni hivyo, eti? Daktari ameandika hivyo kwenye faili.

Utuombee. Wewe ni mkunga, umeona mengi. Niambie la kufanya.

Wifi yako,
Mama Mapazia


24 Januari

Mama Mapazia, wifi yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido ya wodi ya wazazi, na mama mmoja mwenye uchungu akaniuliza kama mimi ndiye ninayejifungua. Mpe mdogo wangu pole nyingi. Mwambie abiria asiyeshuka afadhali, maana wako wanaoshuka bila kuaga.

Sasa nisikilize. Soseji haikumwangusha peke yake. Wako wanaokula nyama kila siku wakazeeka nayo, na wako wanaokula majani kama mbuzi wakaugua. Yale uliyoyasoma ni kweli, yanaongeza hatari, kama mvua inavyoongeza utelezi. Lakini si kila anayepita huanguka. Usijipige kifua. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba hakulishwa kwa kijiko, alikuwa na mdomo wake na akili yake.

Akipona kidonda, atembee kila siku hata kama ni kuzunguka nyumba. Sigara aache kabisa. Mpe vyakula vya nyuzinyuzi pole pole, kwa jinsi watakavyokuelekeza hospitali, maana utumbo uliokatwa hauna haraka. Na wewe ule, usikonde pamoja naye.

Ugonjwa hauna mlango mmoja, wifi. Mungu ni mkubwa.

Wako,
Mkunga


16 Februari

Wifi,

Ameanza dawa za dripu. Siku mbili za kwanza huwa mzima, ya tatu na ya nne analala kama nguo iliyokamuliwa. Mikono inamuwasha akigusa kitu cha baridi, hata kitasa cha mlango.

Nimebadilisha jiko lote. Kikaango nimempa jirani. Nimeweka maharage, mchicha, mkate wa unga usiokobolewa, maembe. Jana nilimwekea sahani mbele, akaitazama, akasema, "Unanilisha kama sungura." Nikamwambia ni kwa ajili yako. Akasema, "Umechelewa, mama." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia gari limeshaondoka. Nikaenda kukaa bafuni na bomba nimelifungulia ili wasisikie.

Binti yetu alinigongea mlango. "Mama, si wewe. Toka." Ana miaka ishirini na miwili na tayari ananisemesha kama mzazi wangu.

Sasa kuna jambo, na ndilo lililonikalisha hapa. Hukunijibu kuhusu Mzee. Daktari ameuliza tena. Anasema kwa sababu Kapteni amepata kabla ya miaka hamsini, anataka kuwa na uhakika. Kama ni yeye peke yake kwenye ukoo, watoto watasubiri mpaka wakaribie miaka arobaini ndipo waanze kupimwa. Lakini kuna koo ambazo ugonjwa huu unapita kwenye damu, mzazi kwa mtoto, na huko watoto hupimwa mapema sana, wakiwa na ishirini na kitu. Alinieleza kwamba saratani hii haianzi ikiwa saratani. Huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo, hakiumi, hakisemi, na kwa watu wengi huchukua miaka mingi kugeuka. Wakikiona kwa kamera wanakikata palepale na habari inaishia hapo. "Ndiyo maana nakuuliza, mama," akasema. "Si kwa udadisi."

Kwa hiyo nijibu, wifi. Mzee alikufa na nini?

Mama Mapazia


1 Machi

Wifi yangu,

Hongera kwa jiko jipya. Mwambie Kapteni sungura hajawahi kulazwa.

Ile kuwashwa kwa mikono hupungua dawa zikiisha kwa wengi. Avae soksi za mikononi anapofungua friji, asione haya.

Kuhusu Mzee, ni kama alivyosema, vidonda vya tumbo.

Wodi imejaa mno mwezi huu, naandika kwa kukimbia.

Mkunga


19 Machi

Wifi,

Usisome barua hii mbele ya watu.

Nimekudanganya. Wiki mbili na nusu nimekaa na ile sentensi niliyokuandikia, na kila nikishika mtoto mchanga naona mikono yangu si safi. Mzee alikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Shangazi yetu, dada yake, alikufa nayo pia, miaka tisa baadaye. Sasa mdogo wangu. Watatu. Mpe daktari barua hii kama ilivyo, aisome yote.

Mimi ndiye niliyemuuguza Mzee. Kapteni alikuwa mbali, anajifunza kazi ya mitambo, alikuja siku tatu za mwisho. Mzee alikuwa mtu wa kunyoosha suruali pasi mpaka ikakata upepo. Unamjua kwa picha tu, lakini hata kwenye picha unaona. Ugonjwa ulimshika pale ambapo hakutaka kushikwa. Alitoka damu muda mrefu akifua nguo zake mwenyewe kwa siri. Alipokuwa hawezi tena kuficha, alinishika mkono akasema, "Wewe ni muuguzi, unajua kutunza siri. Watoto wangu wasiambiwe nilikufa kwa ugonjwa wa makalio. Sema ni vidonda vya tumbo." Nikasema ndiyo, baba. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, niliona ni heshima.

Hilo ningeweza kulitetea. Ya kwake ni ya kwake. Lakini miaka kumi na minne iliyopita tulipelekwa semina, na mkufunzi alisema wazi kwamba mwenye mzazi au ndugu aliyeugua hivi apimwe mapema, asingoje dalili. Niliandika kwenye daftari langu na kupiga mstari chini. Nilirudi nikiwa nimeamua kumwambia Kapteni. Mlikuwa ndio kwanza mmehamia nyumba yenu, mmepaka rangi ya kijani ile mbaya, binti yenu anakimbia vyumbani. Nikasema mwaka huu niwaache wafurahi. Mwaka uliofuata nao ulikuwa na sababu yake. Kwenye kliniki ya wajawazito nimewaimbia wanawake miaka thelathini: mficha uchi hazai, semeni mnaumwa wapi. Nyumbani kwangu mwenyewe nikafunga mdomo.

Na bado sijafika mwisho.

Desemba ya mwaka juzi, mlipokuja, Kapteni alinifuata nyuma ya nyumba nikianika nguo. Alikuwa anaangalia chini. Akaniambia anaona damu chooni, si nyingi, inakuja na kuondoka. Akasema, "Usimwambie mama watoto, atanikosesha usingizi." Wifi, nilijua. Mwili wangu ulijua kabla ya kichwa. Nilimwona Mzee amesimama pale na nguo zilizolowa. Niliogopa kulitaja jina la ule ugonjwa, kama vile nikilitaja ndipo utakapokuja. Nikamwambia, "Ni bawasiri tu. Kazi ya kukaa hiyo." Nikampa tyubu ya dawa ya kupaka. Akashusha pumzi, akacheka, akanibusu kichwani, akaenda kula.

Halafu wewe ukaniandikia kwamba ni mikono yako. Nami nikakuacha ulie bafuni kwa ajili ya soseji.

Sina la kuomba. Mpeleke binti yenu apimwe. Na kijana wenu akifikia umri watakaosema, naye.

Mkunga


28 Aprili

Wifi,

Hujanijibu, na sikulaumu. Siandiki kukusumbua. Daktari wa Kapteni ameniandikia mwenyewe, kwa hiyo najua barua yangu ilimfikia, na nimempelekea vyeti vya kifo vya Mzee na vya Shangazi. Vilikuwa chini ya sanduku langu, kwenye bahasha niliyoiandika "bima".

Alinitaka na mimi nipimwe. Nina miaka hamsini na saba, sijawahi. Niliambiwa ninywe dawa ya kusafisha tumbo jioni ya kuamkia kipimo, na nakuhakikishia, wifi, hakuna kiburi kinachobaki kwa mtu aliyekunywa ile dawa. Nilikaa chooni nikafikiri, kumbe haya yote Mzee aliyoyakimbia ndiyo haya tu. Asubuhi wakanichoma sindano ya usingizi, nikaamka imekwisha. Nusu saa. Nimeshona wanawake walioteseka kuliko hivyo kwa dakika tano.

Wamekuta vinyama vitatu. Viwili vidogo. Cha tatu kikubwa, na majibu yake yanaonyesha kilikuwa kimeanza kubadilika, bado hakijawa saratani. Wamevitoa vyote. Daktari akasema, "Mama, umewahi." Nikavaa nguo zangu nikatoka, nikakaa kwenye benchi la kituo, mabasi manne yakapita.

Nimewahi kwa sababu mdogo wangu amechelewa. Yeye ndiye aliyeuliza na mimi ndiye niliyetibiwa. Sijui mtu huenda wapi na jambo kama hilo.

Mkunga


17 Mei

Wifi,

Nimeandika barua nne za kukutukana. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana, ningeitunza. Nimezichana zote, na nitakuambia kwa nini, lakini kwanza ya binti.

Amepimwa wiki iliyopita. Kinyama kimoja. Ana miaka ishirini na miwili, wifi, anasomea ualimu, hajawahi kuumwa hata jino. Wamekitoa na kilikuwa bado hakina kitu. Atarudi kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, maisha yake yote. Wamemchukua damu pia, wanatafuta hicho kinachopita kwenye ukoo. Kijana wetu atafuata akifika ishirini. Daktari alinishika bega akasema tungengoja mpaka binti afike arobaini, angekuwa anatusimulia habari nyingine. Nilipofika nyumbani nilikanyaga cherehani mpaka nikashona pazia upande wa nyuma, kuanzia juu hadi chini.

Nilikuchukia. Nataka ulijue hilo bila kulipaka sukari. Nilipokuwa nahesabu soseji moja moja kichwani mwangu, ulikuwa unajua. Ungeniandikia neno moja.

Lakini kila barua ya matusi nilipofika katikati, mkono ulikuwa unasimama. Mwezi wa nne mwaka jana nilikuwa nafua, nikaona doa la damu kwenye nguo yake ya ndani. Wiki iliyofuata tena. Tulikuwa hatusemeshani siku hizo, tuligombana kwa sababu ya kipuuzi, eti nani aliacha geti wazi mpaka mbuzi wa watu wakala miche yangu. Nikasema moyoni, kama anaumwa atasema mwenyewe, mimi si wa kumbembeleza. Nikaloweka kwenye maji baridi na chumvi. Nilifua vizuri sana. Tulipopatana, doa nilikuwa nimeshalisahau, au nilijifanya.

Kwa hiyo nikikurushia jiwe linanirudia.

Wamempiga picha tena. Kuna alama mbili kwenye ini. Wanasema kuna dawa nyingine, pengine upasuaji, hawasemi zaidi na sisi hatuulizi zaidi.

Yeye hajui ulichoniandikia. Amejua tu kwamba Mzee aliugua hivi, kwa sababu daktari alimwambia. Hiyo ya bawasiri sikumwambia kwamba naijua. Sitambebea mtu siri nyingine ndani ya nyumba hii. Utakuja umwambie mwenyewe, au nitamsomea barua yako. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi.

Mama Mapazia


2 Juni

Dada,

Mwezi umekwisha, hukuja, mke wangu amenisomea. Alisoma yote, hata pale pa rangi ya kijani. Ile rangi niliichagua mimi, nawe ulisema ni nzuri.

Mwandiko wangu unayumba kwa sababu ya vidole, usidhani nimelewa. Nilipofika kazini wiki jana kuwasalimu wenzangu, kijana anayeendesha kreni yangu alishuka kunishika mkono, nikamwambia asinikaze. Wote walitaka kuona mfuko. Nikawaonyesha, palepale kwenye yadi, saa sita mchana. Halafu nikawauliza ni nani kati yao anatoka damu na hajasema. Walicheka. Baadaye, nilipokuwa naelekea getini, fundi wa kuchomelea alinifuata akiangalia chini kama mtu aliyeangusha msumari. Ana miaka hamsini na moja. Miezi mitatu. Nikampeleka mwenyewe kwa daktari, kwa miguu, sikumpa nafasi ya kwenda kubadilisha shati.

Sasa yetu. Ulimwandikia mke wangu kwamba ulisema ni bawasiri tu, ukanipa dawa. Dada, hukumaliza. Ulivyonipa ile tyubu ulinishika shati, ukasema, "Wiki mbili. Isipoacha, nenda hospitali, usije kwangu, nenda hospitali." Umesahau, au umeona hufai kukumbuka. Mimi nakumbuka, maana nilihesabu zile wiki mbili. Damu haikuacha. Nikahesabu nyingine mbili. Kila asubuhi nilipanda ngazi, nikifika juu nafunga mlango, nasema kesho. Kule juu hakuna anayekuuliza kitu. Nilijua karatasi za hospitali zingenishusha kwenye kreni, na sikuwa tayari kushuka. Miezi kumi na miwili, dada. Kwa hiyo usiichukue yote peke yako, kama ulivyokuwa ukichukua nyama kubwa tulipokuwa watoto.

Lakini sitakudanganya pia. Kuna sehemu ni yako. Ningejua kuhusu Mzee, nadhani ningekwenda. Nasema nadhani. Nikilala nageuza hilo neno huku na huku. Nilikaa siku tatu kando ya kitanda chake nikimwambia apunguze pilipili, eti kwa ajili ya vidonda, naye akitikisa kichwa kunikubalia, na wewe umesimama mlangoni na beseni. Wote wawili mliniangalia nikisema ujinga. Hilo linaniuma kuliko ini.

Binti yangu yuko salama kwa sababu mwishowe ulisema. Hilo nalo ni lako, na sitaki ulikatae.

Mke wangu anasema hukuja kwa sababu unaogopa kuniangalia usoni. Nimemwambia dada yangu amewaangalia wanawake elfu usoni wakati wanamlaani, hawezi kuniogopa mimi. Usinitie aibu. Njoo. Usiniletee dawa, usiniletee vyakula vya sungura, hapa vimejaa. Uje tukae, unisimulie Mzee alivyokuwa kweli ile miezi, siku kwa siku, hata ya chooni. Nataka kumjua kabla sijamfuata, au kama sitamfuata upesi, basi nimjue tu.

Na ukija usiniulize kama nimekusamehe. Sijui. Asubuhi, kabla maumivu hayajaamka, huwa nimekusamehe kabisa, hata nacheka peke yangu. Ikifika jioni nimebadilika.

Kwa hiyo panda basi litakalokufikisha asubuhi.

Mdogo wako,
Kapteni